Ghorofa Lisiloacha Mirathi

Ugomvi mkubwa wa familia nyingi za Pwani hauanzi mzee akiwa hai. Huanza baada ya arobaini, biriani likiwa bado kwenye masinia, pale kaka mkubwa anapokohoa na kuuliza hati ya nyumba iko kwa nani. Baada ya hapo ni vikao, kadhi, Mahakama ya Mwanzo, wakili wa kutoka mjini, na mashangazi wawili wasiosalimiana hadi mmoja wao naye azikwe. Wanasheria wamejaribu kuyatibu maradhi haya kwa wosia na hawakufika mbali. Tiba iko kwa fundi ujenzi. Jenga ghorofa litakaloishi kadiri utakavyoishi wewe, au pungufu kidogo, na watoto hawatakuwa na cha kugombania.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja Tanga, Bagamoyo, Kigamboni, Mtwara, Mombasa, Unguja au Pemba, anayetaka kujenga kwa zege na nondo na hana nia ya kumwachia mtu kitu. Watu wa Dodoma na Nakuru wanaruhusiwa kusoma, ila wajue watalazimika kujituma zaidi. Hawana bahari ya kuwasaidia.

Balaa la Kilwa

Kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji, nenda Kilwa Kisiwani ukaone jinsi kazi isivyotakiwa kufanywa. Msikiti Mkuu wa pale ulianza kujengwa karne ya 11, ukaja kupanuliwa kwa nguzo, matao na kuba, na Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 ukiwa kwenye neema yake. Mawe ya matumbawe na chokaa, basi. Hadi leo kuba zipo, watalii wanapiga picha, na tangu 1981 UNESCO imeyaweka magofu hayo kwenye urithi wa dunia. Tazama fedheha hiyo: watu wamejenga kwa ajili ya mji wao, warithi wamekuwa binadamu wote.

Mafundi wale walikosea jambo moja. Hawakutia chuma. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa, hiyo hiyo tunayoambiwa inaichemsha dunia, kwa hiyo kuta zao zilikuwa zinageuka mawe huku wenyewe wamelala. Zege la saruji nalo huvuta hewa hiyo, na lenyewe halidhuriki sana. Anayedhurika ni nondo iliyomo ndani. Shukrani zetu zimwendee Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa aliyevisuka vyungu vya maua kwa waya za chuma ndani ya saruji na kupata hataza mwaka 1867. Kutoka kwenye vyungu tumefika kwenye madaraja, na kila tulipolipeleka zege tumelipeleka na kitu cha kuozea tumboni mwake.

Uelewe utaratibu wa uozo huo, maana utaufanyia kazi. Saruji ikichanganyika na maji hutengeneza ualkali mkali, pH ya 12.5 hadi 13, na nondo iliyomo humo hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaoizuia kutu. Una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ukaa, ambayo huushusha ualkali hadi chini ya pH 9, na utando ukakosa pa kuishi. Wa pili ni chumvi, ambayo haihangaiki na ualkali. Inautoboa utando moja kwa moja. Utando ukitoka, maji na oksijeni hukamilisha kazi. Kutu inayozaliwa hutaka nafasi mara mbili hadi sita ya ile ya chuma kilicholiwa, na zege, pamoja na ubabe wake wote wa kubeba mizigo, halijui kuvutwa. Linapasuka kutoka ndani.

Siku ya slabu

Sasa tuingie saiti. Siku ya kumwaga slabu ndiyo siku yako, usiwe safarini.

Mchoro wa mhandisi unasema nondo za chini zinyanyuke milimita 35 kutoka kwenye mbao, na fundi wa nondo ameshatega vitofali vidogo vya saruji vya kuzinyanyulia. Usibishane naye. Subiri mashine ya zege ianze kunguruma na vijana wapange foleni ya ndoo kutoka chini hadi juu. Kila mwenye ndoo anapita juu ya wavu wa nondo kwa sababu hakuna aliyeweka ubao wa kupitia. Kila akikanyaga, kitofali kimoja kinapinduka au kinapondeka, waya wa kufungia unalegea, na nondo inashuka kidogo. Kufikia adhuhuri wavu umelala juu ya mbao. Siku utakapobandua mbao na kutazama juu, utaziona nondo zimejichora darini, mistari ya kahawia iliyonyooka, hata nafasi kati ya moja na nyingine unaweza kuipima ukiwa umesimama sakafuni. Mhandisi akifika, fundi ameshapitisha plasta, mhandisi anasifu dari lilivyonyooka, na soda zinaletwa.

Unene huo wa zege kati ya nondo na hewa ya nje, ambao mafundi huuita kava, ndio umri wa nyumba yako. Hapa inabidi tupige hesabu, maana mwongozo usio na hesabu ni porojo. Hewa ukaa haiingii kwenye zege kwa mwendo mmoja. Inavyozidi kwenda ndani inapunguza kasi, na kina chake hufuata kipeuo cha pili cha muda. Tuchukue zege ambalo mwaka wa kwanza limeliwa milimita 4. Kufika milimita 20 litachukua miaka 25. Kufika milimita 40, miaka 100. Kwa hiyo ukikata kava nusu, kutoka 40 hadi 20, hujakata umri nusu; umeondoa robo tatu yake. Ukibakiza milimita 10, hewa ukaa itaigusa nondo baada ya miaka sita na kidogo, mtoto aliyezaliwa siku ya zege akiwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza. Kuguswa siyo kuanguka, kutu ndiyo inaanza hapo, ila safari imeiva.

Wengi watakuambia usijisumbue, mabadiliko ya tabianchi yataimaliza nyumba yenyewe. Tuwapigie hesabu na wao. Vipimo vya hewa ukaa vilipoanza kuchukuliwa kwa mfululizo kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Kasi ya kuingia kwenye zege huongezeka kwa kipeuo cha pili cha kiwango hicho, kwa hiyo zege ambalo kwa hewa ya 1958 lingeilinda nondo miaka 100, kwa hewa ya leo, mambo mengine yakibaki vile vile, litailinda kama miaka 75. Yaani viwanda vyote vya dunia, magari yote, ndege zote na tanuri za saruji zenyewe, ambazo huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, wamehangaika zaidi ya miaka 60 wakakupunguzia robo. Vijana wako wa ndoo wamekupunguzia robo tatu kabla ya chakula cha mchana.

Wakishirikiana, ile miaka 100 inabaki 19. Sioni sababu ya kuwabagua.

Maji, mengi na machache

Katikati ya kazi fundi atakujia akijifuta jasho. “Bosi, hii zege imekuwa ngumu, vijana wanaumia. Tuongeze maji kidogo?” Jibu la mwungwana ni moja tu: ongeza. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukipewa lita 25 za maji unapata uwiano wa 0.5, na hapo zege linakuwa la kusukumana nalo. Mimina ndoo moja zaidi ya lita 20 na uwiano umepanda hadi 0.9, zege linateleza lenyewe kama uji wa mgonjwa, linajaza pembe zote bila vaibreta, vijana wanaimba, wewe unaitwa bosi mwenye utu. Saruji hutumia sehemu tu ya maji unayoipa. Yanayobaki yanakauka na kuacha vinjia vyembamba visivyohesabika, na hivyo ndivyo hewa ukaa na chumvi zitakavyopitia bila kupiga hodi. Duff Abrams aliyaonyesha haya ya uwiano wa maji na nguvu ya zege kule Chicago tangu 1918. Miaka zaidi ya mia imepita na ndoo ya ziada haijawahi kukosa mtu wa kuimimina.

Mtaani tunasema zege halilali, na ni kweli, siku hiyo mtakesha na taa za jenereta mpaka slabu ikamilike. Ila kuanzia kesho yake lala wewe. Zege changa linataka kuloweshwa siku saba angalau ili ngozi yake ya nje, ambayo ndiyo kava yenyewe, ikomae na kujifunga. Weka mlinzi ambaye hukumwagiza chochote. Maji yale yale uliyoyamimina kwa ukarimu kwenye mkorogo, sasa yafanyie ubahili. Jua la Januari la Dar es Salaam litayakausha mchana mmoja, juu ya slabu zitajitokeza nyufa nyembamba za kwenda kila upande, na fundi atakuambia hizo ni za kawaida. Kwa jinsi tunavyojenga, hasemi uongo.

Kiungo

Nimesema hewa ukaa hupenda zege lenye unyevu wa wastani, au kama sikusema nasema sasa: hupenda unyevu wa asilimia 50 hadi 70, na zege lililoloa huizibia njia. Pwani unyevu mara nyingi uko juu ya hapo. Usikate tamaa. Tuna chumvi.

Chumvi ndiyo njia ya mkato. Viwango vya kimataifa vinataka kloraidi, ile sehemu ya chumvi inayoutoboa utando, ndani ya zege lenye nondo isizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, yaani gramu 200 kwa mfuko wa kilo 50. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 19 za kloraidi. Korogea zile lita 25 za baharini na umeweka gramu 475, zaidi ya mara mbili ya kipimo, kabla nyumba haijapata hata paa. Uzuri wa kloraidi ni kwamba haili nondo kwa usawa. Huchagua mahali na kuchimba shimo, nondo ya milimita 12 ikaonekana nzima kwa urefu wake wote isipokuwa pale ilipobaki nyembamba ya kukunjika kwa mkono.

Kwenda na ndoo baharini ni ushamba, watu watakuona. Tumia kisima. Visima vingi vya karibu na ufuko siku hizi vina maji ya chumvi, kwa sababu tunavuta maji baridi kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, na bahari inajongea chini kwa chini kujaza nafasi. Usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na unaendelea kupanda, kwa hiyo mwaka hadi mwaka kisima chako kitakuwa kinakoleza chenyewe. Maji usiyoweza kuchemshia chai, mpe fundi.

Mchanga nao. Mchanga wa mtoni una gharama ya lori, wa ufukweni uko pale, mweupe, umeshachekechwa na mawimbi. Wako mafundi wazee wanaochukua chembe mbili na kuziweka kwenye ncha ya ulimi kabla ya kukubali mzigo. Fundi wa namna hiyo mpe kazi ya kupaka rangi.

Kama unahisi nakutania, waulize ndugu zetu waliokwenda Ghuba miaka ya 1970, pesa za mafuta zilipoifanya miji iote usiku kucha. Joto lile, mchanga wenye chumvi, kokoto zenye chumvi, maji ya chumvi chumvi, na haraka. Majengo na madaraja yalianza kumwaga vipande vya zege yakiwa na umri wa miaka michache tu, na wahandisi wakalazimika kuandika upya namna ya kutengeneza zege la nchi za joto. Joto nalo ni mshirika: kanuni ya kukisia ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada huongeza kasi ya mmenyuko kama huu karibu mara mbili. Nyumba ya Muscat au Mombasa inaoza kwa kasi ambayo nyumba ya Stockholm haiwezi hata kuiota.

Na hata ukipewa maji safi na mchanga safi kwa bahati mbaya, upepo wa kusi utakuletea chumvi nyumbani. Viwango vya Ulaya vinadai milimita 35 za kava kwa jengo linalopigwa na hewa ya bahari, 45 kwa lile linalolowa na kukauka na mawimbi, halafu wanaongeza milimita 10 za kufidia makosa ya fundi. Milimita 10! Hawajawahi kusimama chini ya slabu ya Kigamboni.

Kisingizio

Nyumba ikianza kumwaga vipande, jirani atauliza. Uwe na jibu. “Tabianchi” linatosha kwa maswali mengi, na lina faida kwamba ni kweli kiasi. Mvua za El Niño za 2023 zilikuwa kubwa, hakuna atakayebisha. Kimbunga Hidaya kilitua Mafia Mei 2024, na Pwani yetu haijazoea vimbunga, kwa hiyo hata mtu ambaye nguzo yake ilianza kupasuka 2019 anaweza kumtwisha Hidaya mzigo huo na watu wakampa pole.

Jihadhari tu na wasomi. Mwaka 2011 watafiti wa Australia, Mark Stewart na wenzake, walipiga hesabu za miji yao hadi mwaka 2100 na kukuta kwamba katika baadhi ya maeneo hatari ya uharibifu unaoletwa na hewa ukaa inaweza kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 400. Ukiishia hapo umeshinda kesi. Lakini sentensi iliyofuata ni mbaya kwetu: ule uharibifu wa chumvi waliukadiria kuongezeka kwa asilimia 15 tu, si zaidi. Kwa nyumba ya ufukweni maana yake ni kwamba chumvi ilikuwa inaua vya kutosha kabla tabianchi haijazaliwa kwenye magazeti. Mtu akikusomea hadi hapo, badilisha mazungumzo, muulize habari za Simba na Yanga.

Kuziba ufa

Wahenga wanatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wanaongea na watu wa udongo na chokaa, ambako ufa huanzia nje. Kwenye zege lenye nondo methali hii inaweza kutumika kuharibu, na hii ni mbinu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inafanywa na watu wenye nia njema.

Ufa umetokea kwenye boriti, sambamba na nondo, na mchirizi wa kutu unashuka ukutani. Mwite fundi. Atagonga vipande vilivyolegea, ataisugua nondo kwa brashi ya waya pale inapoonekana, hatachimba nyuma yake, atasiliba mkorogo mpya wenye saruji ya kutosha, atapiga msasa na kupaka rangi. Kwa miezi kadhaa boriti itapendeza. Chini ya rangi, kipande kipya hakina chumvi na kina ualkali mkali, na zege la zamani pembeni yake limejaa chumvi. Nondo moja imepita katika hali mbili. Tofauti hiyo inatengeneza umeme mdogo, na sehemu iliyoko kwenye zege la zamani, pembezoni kabisa mwa kiraka, inaanza kuliwa kwa kasi kuliko ilivyokuwa ikiliwa kabla hujaita fundi. Baada ya mwaka au miwili ufa mpya utatokea hapo hapo kando ya kiraka. Ukiuziba na huo, umepata ajira ya kudumu ya fundi mmoja.

Mtu wa kumwogopa ni yule mwenye chupa ya kupulizia. Anatoboa zege, anapulizia kimiminika kiitwacho fenolifthaleni, na palipobaki na ualkali panageuka rangi ya waridi kali papo hapo. Palipokwisha kuliwa hapageuki. Mpaka unaonekana wazi, unaupima kwa rula ya mtoto wa shule, na mtu yeyote aliyesimama pale anaona kama waridi limeishia mbele ya nondo au nyuma yake. Kipimo cha bei rahisi kiasi hiki, kisichohitaji maabara wala semina hotelini, ni hatari kwa mradi wetu. Mwambie funguo za juu ziko kwa mama na mama kasafiri.

Kuahirisha

Ripoti ikishaandikwa, iahirishe. Hapa nina mifano, na kejeli inanikwama kidogo.

Champlain Towers South lilikuwa jengo la ghorofa 12 ufukweni Surfside, Florida, lililokamilika 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia wenye nyumba kwamba tabaka la kuzuia maji limekufa na zege la chini linaharibika. Wakajadili. Bei ya ukarabati ikapanda hadi dola milioni 15. Wakajadili tena. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2021 sehemu kubwa ya jengo ilianguka watu wamelala, na 98 wakafa. Wachunguzi wamekuta pia udhaifu wa usanifu uliokuwapo tangu mwanzo, kwa hiyo kutu haikuwa peke yake. Ilikuta mlango umeegeshwa. Daraja la Morandi pale Genoa lilifunguliwa 1967, na mwaka 1979 Riccardo Morandi mwenyewe aliandika jinsi hewa ya bahari na moshi wa viwanda vinavyolishambulia. Lilianguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43.

Mwongozo huu una sharti moja, kwamba nyumba ife ikiwa tupu. Sijui njia ya kukuhakikishia hilo.

Mambo ya kuepuka

Haya yanaharibu kila kitu, nayataja harakaharaka. Usikubali saruji yenye pozolana au majivu ya tanuri kwa zege la kando ya bahari. Inaibana chumvi njiani. Usimruhusu mhandisi aje kabla ya zege, aje baada. Usinunue vitofali vya kava vya kutosha, wala mbao za kupitia vijana wa ndoo, kwani gharama yake ni ndogo kiasi cha aibu. Usielekeze bomba la kiyoyozi nje ya nyumba. Lidondokee kwenye ukingo wa baraza, usiku na mchana.

Na mtu asikusimulie habari za Progreso. Huko Yucatan, Mexico, kati ya 1937 na 1941 walijenga gati refu la kuingia baharini, na kwenye zege wakaweka zaidi ya tani 200 za nondo zisizoshika kutu. Watu waliona ni ufujaji. Gati linatumika hadi leo. Baadaye likajengwa jingine kando yake kwa nondo za kawaida, na hilo limebaki visiki vya nguzo majini, wakati mzee yule jirani bado anapokea meli. Nondo za aina hiyo ni ghali mno, na hakuna anayekutaka uziweke nyumba nzima. Wahandisi huziweka pale tu mawimbi yanapopiga. Lakini wewe ukianza kufikiria hivyo utajikuta unafikiria wajukuu.

Kuuza

Ikitokea nyumba inaelekea kukutangulia, uza. Mnunuzi mzuri ni wa mbali, kijana wa Muscat au Minneapolis anayetuma pesa kidogo kidogo na kutegemea picha za WhatsApp. Paka rangi wiki mbili kabla, nyeupe, si ya krimu, maana krimu huficha kutu vizuri mno na mtu mwenye macho atashtuka. Piga picha upande wa barabarani, asubuhi. Akisema atamtuma binamu yake aje aangalie, mkaribishe binamu sebuleni na mpe juisi ya ukwaju, lakini asiwe na nyundo mkononi, kwa sababu zege lililoachana na nondo likigongwa hulia tupu na hakuna rangi inayobadilisha mlio.

Juu ya paa zitakuwapo zile nondo za nguzo ulizoziacha zimechomoza kwa ajili ya ghorofa inayofuata. Hukuzifunika kwa zege jepesi wala kuzivika hata mfuko wa saruji mtupu. Kwa miaka yote hiyo zimepigwa na mvua na upepo wa chumvi, zimevimba magamba mekundu, na maji yanazifuata hadi ndani ya nguzo za ghorofa la chini. Ziache zilivyo. Ndizo zinazopandisha bei. Mnunuzi akiziona kwenye picha na kuuliza, mwambie msingi ulikusudiwa kubeba ghorofa tatu, nondo zimeshaandaliwa, yeye kazi yake ni kumwaga slabu tu. Halafu ongeza milioni ishirini.